Behewa la Brasi la Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa, kopo la dawa ya kung'arishia, na kikombe cha ushindi ambacho shule fulani ilikuwa imeagiza kwa ajili ya mashindano ya mbio. Msimamizi hakunisalimu kwa maneno mengi. Alisema, "Ng'arisha hiyo mpaka uone meno yako," kisha akarudi mezani kwake.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimetoka Kianda, huko Kibera, kwa miguu, nikapita Olympic, nikavuka Barabara ya Ngong, nikafika kituo cha 46 Kawangware viatu vikiwa vyekundu kwa matope. Karakana ilikuwa vyumba vitatu vya mabati nyuma ya nyumba ya mwenye ploti. Tulitengeneza vikombe vya ushindi, beji za kofia za walinzi, na vibao vya majina vya milango ya ofisi. Tulikuwa watu watatu. Msimamizi alikuwa mzee wa Machakos aliyestaafu kutoka karakana ya mabehewa relini, na alifunga vifungo vyote vya koti lake la buluu hata jua likiwaka. Wafula alikuwa fundi wa mabati, hodari wa masanduku ya wanafunzi wa bweni, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiopumzika. Wa tatu nilikuwa mimi, Kalondu, mzaliwa wa Kitui, mama wa watoto wawili.

Saa ya chai Msimamizi aliniuliza, "Zaidi ya kusugua, unajua nini?"

"Najua kulehemu, mzee. Nimetengeneza koroboi Kibera miaka kumi na moja."

Vijana wa leo huenda hawajaiona koroboi. Ni taa ndogo ya mafuta ya taa, inayotengenezwa kwa mkebe. Unakata mkebe, unaukunja, unalehemu mshono kwa risasi ya kuyeyusha, unatia utambi. Umeme na taa za sola vilipoingia vyumba vyetu, kazi hiyo ilikufa nikiitazama. Ndiyo maana nilivuka kwenda Kawangware.

Msimamizi alinipa vipande viwili vya brasi, ile metali ya rangi ya dhahabu inayotumika kwa vibao, akaniambia niviunganishe. Nilipasha moto chuma cha kulehemu, nikaviunganisha kama nilivyozoea, mshono mnene, wa kuaminika. Wafula alikuja kuchungulia.

"Woi! Huyu ameweka uji," akasema. "Mama Koroboi, hiyo uji ni ya nani? Mtoto ako njaa?"

Msimamizi alikigeuza kile kipande kwenye mwanga. "Koroboi inaogopa kuvuja," akasema. "Hapa hatuogopi kuvuja. Hapa tunaogopa mshono kuonekana. Rudi kwa vikombe."

Nilirudi kwa vikombe, na nikakaa huko zaidi ya mwaka. Jina la Mama Koroboi lilibaki. Lakini maneno ya Msimamizi niliyashika. Kila saa ya mchana, wenzangu wakienda kula githeri, nilichukua vibao vilivyoharibika kutoka kwenye ndoo ya taka, nikavikata vipande, nikavikunja, nikavilehemu, nikavitenganisha, nikavilehemu tena. Nilipunguza risasi kutoka ukubwa wa harage hadi ukubwa wa punje ya mtama, halafu hadi punje ya wimbi. Niligundua kwamba siri haikuwa kwenye risasi. Ilikuwa kwenye usafi na joto. Brasi ikisuguliwa vizuri, ikipakwa dawa yake na kupashwa moto wa kutosha, risasi hukimbia yenyewe ndani ya mshono kama maji yanayoingia kwenye ufa. Brasi ikiwa chafu, hata ukimwaga risasi ya kilo nzima, itakaa juu kama uji wa Wafula.

Niwaeleze pia jinsi asidi ilivyofanya kazi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa habari ya behewa. Ukitaka kuandika jina kwenye brasi, unapaka rangi ngumu sehemu zote unazotaka zibaki, unaacha wazi zile unazotaka ziondoke, kisha unaitumbukiza kwenye beseni la asidi. Asidi hula pale palipo wazi. Ukiitoa mapema, inakuwa imekula nusu ya unene, na unapata mfereji. Ukiiacha, inakula mpaka upande wa pili, na unapata tundu. Herufi zote mlizowahi kuziona zimeinuka kwenye mlango wa mkubwa fulani, ni asidi iliyokula kando yake.

Sasa nifike kwa Daktari.

Alikuja asubuhi moja akiwa na mkoba wa ngozi chini ya kwapa, mzee mrefu, mpole, ambaye mikono yake ilitetemeka. Alifanya kazi ya udaktari miaka mingi katika miji midogo iliyo kando ya reli, na alipostaafu aliamua kujenga nyumbani kwake reli ndogo ya kuonyesha watoto wa shule, kutoka pwani hadi ziwani, ndani ya ukumbi mmoja. Alikuwa na maboksi ya treni nzima, lakini treni hiyo ilikuwa bado ni karatasi za brasi. Kila behewa lilikuwa karatasi moja nyembamba, iliyoliwa na asidi kiwandani huko ng'ambo, yenye kuta, milango, breki, na ribiti, ile misumari ya kuunganishia mabati, ndogo kuliko kichwa cha pini, vyote vikiwa vimeshikwa na vishikizo vyembamba kwenye fremu. Unakata, unakunja palipochorwa mfereji, unalehemu. Behewa likikamilika linatosha kiganjani.

"Mikono hii imeshona watu," Daktari alisema, akiionyesha. "Sasa haishoni hata kifungo."

Alitoa karatasi mbili za aina moja, za behewa la mizigo lililofunikwa. Aliyezitengeneza alikuwa amefunga kazi, na nyingine hazikupatikana. Masharti yake yalikuwa wazi. Tumjengee behewa moja. Likipita kwenye reli yake bila kuanguka, treni nzima ni yetu. Likianguka, atatafuta mafundi wengine. Alituachia ubao wenye kipande cha reli, wenye kona moja, na kiungo kimoja alichokishusha kidogo kwa makusudi. "Reli ya kweli haijanyooka," alisema. "Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo."

Kwa karakana yetu, treni ile ilikuwa kazi ya miaka. Vikombe vilikuwa vinaagizwa muhula wa michezo tu, na miezi mingine tulikaa tukitazamana.

Msimamizi alimpa Wafula karatasi ya kwanza. Hakukosea kumchagua, Wafula ndiye aliyekuwa fundi. Lakini Wafula alikuwa fundi wa masanduku, na fundi wa masanduku huchora mstari kwenye bati, huuweka kwenye ukingo wa chuma, hupiga nyundo, na mstari wake hubaki nje ya kona ili auone asipotee. Alikunja ukuta wa behewa hivyo hivyo, mfereji ukiwa nje. Brasi pale kwenye mfereji ilikuwa nusu ya unene. Ikafunguka kama mdomo, ikakatika.

Tulisikia *tik*.

"Wafula," Msimamizi akasema taratibu, "hiyo si sanduku ya Form One."

Wafula alikaa akiwa ameshika kipande kila mkono. Msimamizi alichukua karatasi ya pili, iliyobaki peke yake, akaifunga kwenye karatasi ya nta, akasema afadhali tumrudishie Daktari kuliko kumharibia zote.

Sijui nilipata wapi sauti. "Mzee, nipe mimi."

"Wewe wa vikombe?"

"Mfereji unaingia ndani ya kona. Ukiwa ndani, kuta mbili zinakutana na kufunga. Nimekunja vibao vya taka mwaka mzima, mzee. Angalia." Nikamwagia mezani kopo langu la vipande: visanduku, pembe, kiti kidogo, kitanda. Alivichukua kimoja kimoja. Alitafuta uji, hakuuona.

"Sikia vizuri," akasema. "Ukiharibu hii, usirudi kwa vikombe. Uende na kitambaa chako. Na sisi wengine tutakufuata, kwa sababu hapa hakutakuwa na kazi."

Nikasema nimesikia.

Kazi yenyewe ilinichukua siku nne. Kwanza nilisugua karatasi nzima. Kisha nikasukuma ribiti, kwa maana asidi ilikuwa imeacha vitone nyuma yake, na kila kitone hubonyezwa kwa msumari butu ili kichwa cha ribiti kitokeze mbele. Ukibonyeza kwa nguvu unatoboa. Ukibonyeza kwa woga haionekani. Zilikuwa nyingi, na niliziweka zote sawa kwa kuhesabu pumzi. Nilikata vipande na kuvipanga kwenye kifuniko cha kopo, kwa sababu Msimamizi alitufundisha kwamba kipande kikianguka sakafuni kimekufa. Nilikunja kuta kwa mbao mbili na plaisi, mfereji ndani, nikatia risasi punje ya wimbi kila kona. Nililehemu milango, kisha paa, kisha vibati vinne vinavyoshika ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili. Niliupima kila upande kwa rula na bevu, kile kipimo cha pembe. Jumatano mchana behewa lilikuwa limesimama mezani, limenyooka kama neno la kweli. Wafula mwenyewe aliinama akalitazama.

"Mama Koroboi," akasema, "hii ni ngumu kukuchekea."

Tuliliweka kwenye ubao wa Daktari. Nikalisukuma kwa kidole. Likapita mahali palipo sawa, likaingia konani, likafika kwenye kile kiungo kilichoshuka, likaanguka ubavu.

Nikaliinua. Likaanguka tena. Nikalisukuma polepole, likaanguka. Nikalisukuma haraka, likaruka kabisa na Wafula akalidaka hewani kama mlinda lango.

"Imechoka na safari," akasema, lakini hakucheka.

Msimamizi alilipima tena kwa bevu yake. "Imenyooka," akasema. "Sioni kosa." Aliliweka juu ya kioo, na magurudumu yote manne yakagusa. Alipoweka karatasi nyembamba ya sigara chini ya gurudumu moja, jingine la upande wa pili lilining'inia. "Relini tulikuwa na springi," akasema. "Hapa hakuna mahali pa springi." Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Alhamisi asubuhi nilikunywa chai chumbani kwangu Kianda. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyomwagwa na mtu mwenye haraka, na haikuwa sawa popote. Meza yangu ilikuwa na katoni iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Benchi la wageni lilikuwa na katoni. Kitanda kilikuwa na katoni mbili. Nendeni chumba chochote pale mtaani, mtaziona hizo katoni; ukihama, ndicho kitu cha kwanza unachotafuta. Mtoto wangu mdogo alivuta kigoda ili akae karibu nami. Kilikuwa kigoda cha babu yangu kutoka Kitui, cha mti mmoja, chenye miguu mitatu. Alikivuta kutoka mlangoni hadi mezani, akakaa. Hakikuyumba. Hakikuwahi kuyumba. Katika maisha yangu yote sikuwahi kukiwekea katoni.

Niliacha chai yangu hapo.

Njia nzima hadi 46 nilikuwa naihesabu miguu. Kitu cha miguu minne kinataka sakafu sawa. Kitu cha miguu mitatu kinakaa popote. Behewa lina magurudumu manne, hilo siwezi kulibadilisha. Lakini nikiacha ekseli ya mbele imekazwa, hiyo ni miguu miwili. Ekseli ya nyuma nikiilegeza, niikalishe juu ya waya mmoja unaopita katikati ya behewa, iweze kuinama kushoto na kulia kama mzani wa sokoni, basi behewa litaiona kama mguu mmoja tu. Miwili na mmoja.

Nilimkuta Msimamizi amelifunga behewa kwenye karatasi ya nta, tayari kumwomba Daktari radhi.

"Mzee, nataka kufungua ekseli ya nyuma."

"Unataka kufungua kilichonyooka?"

"Ndiyo shida yake. Imenyooka, na reli haijanyooka. Nataka ikae kama kigoda."

"Kigoda gani?"

"Kigoda cha kwetu, mzee. Cha miguu mitatu."

Alinitazama. Alikuwa Mkamba kama mimi, na sikuhitaji kumchorea. Niliona wazo likimwingia polepole, kuanzia kwenye nyusi. "Nimekalia hicho kigoda tangu nikiwa mtoto," akasema mwishowe, "na nimekarabati mabehewa maisha yangu yote. Sikuwahi kuvikalisha pamoja." Kisha akarudi kuwa Msimamizi. "Haiko kwenye mchoro. Daktari akikataa, ni wewe."

"Ni mimi."

Nilihitaji brasi ya unene ule ule, na hatukuwa nayo. Ndipo Wafula alipofungua droo yake. Alikuwa ameziweka zile nusu mbili za karatasi aliyoivunja, zimefungwa kwenye gazeti. Sijui alikuwa anazihifadhia nini. "Chukua," akasema. "Angalau ikufe na kazi." Alinikatia mwenyewe kipande cha kuwa kitanda cha ekseli, akakitoboa matundu mawili ya kupitishia waya.

Kufungua mshono ni kugumu kuliko kuulehemu, kwa sababu joto halijui ni mshono upi unaoutaka. Nilifunika kuta kwa tambara lililolowa maji, lile lile langu la kung'arishia, ili kona zingine zisifunguke. Mvuke ulitoka. Nilivibandua vibati vya nyuma, nikavilehemu kwenye kitanda kipya, nikapitisha waya katikati. Ekseli ikainama kushoto, ikainama kulia. Saa tisa alasiri tulikuwa bado hatujalijaribu. Msimamizi alisema tusilijaribu. Alisema likianguka leo hatutalala, na likipita leo tutalichezea mpaka tulivunje.

Daktari alikuja Ijumaa saa nne. Hakuketi. Aliliweka behewa kwenye reli kwa mikono yake inayotetemeka, na mara mbili magurudumu yalikosa reli kabla hayajakaa. Kisha akalisukuma.

Lilipita mahali palipo sawa. Likaingia konani. Kwenye kiungo gurudumu la nyuma lilizama, ekseli ikainama, na behewa lenyewe likatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayesalimu jirani, likaendelea hadi mwisho wa ubao.

Daktari alilirudisha. Likapita. Aliweka njiti ya kiberiti chini ya reli upande mmoja. Likapita. Akaongeza ya pili. Wafula alikuwa ameshika kona ya meza kana kwamba yeye ndiye anayeishikilia nyumba. Likapita.

Ndipo Daktari akalipindua, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akachungulia chini.

"Hii haiko kwenye mchoro."

Akavua ile miwani ya juu.

"Nani amefanya hivi?"

Nilimtazama Msimamizi. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa reli. Angesema ni yeye, Daktari angeamini, na mimi nisingebisha. Alikohoa, akagusa kifungo cha juu cha koti lake.

"Ni huyu," akasema. "Fundi Kalondu."

Mwaka mzima na zaidi hakuwahi kuniita kwa jina lolote. Siku hiyo aliniita mawili kwa pamoja.

Daktari alicheka mpaka akatoa leso. Alisema maboksi mengine yatakuja Jumatatu, na kila behewa likalie kigoda. Alipotoka getini Wafula alipiga kelele iliyomtoa mwenye ploti, mzee tuliyemwita Guka, nyumbani akiwa na mwiko mkononi, akiuliza nani amechomeka na asidi. "Hakuna mtu amechomeka, Guka!" Wafula akamwambia. "Ni Mama Koroboi ameshinda!"

Mambo yaliyofuata yalikuwa kazi tu. Jumatatu nilipewa meza ya dirishani. Tulijenga mabehewa ya mizigo, ya mafuta, ya ng'ombe, ya abiria. Msimamizi alipochoka na kurudi Machakos, alinikabidhi bevu yake, nikawa msimamizi mimi. Niliwafundisha waliokuja baadaye mambo yale yale: sugua kwanza, mfereji ndani, punje ya wimbi. Na kila fundi mpya nilimkalisha kwenye kigoda siku yake ya kwanza, kwenye sehemu mbovu kabisa ya sakafu, nikamwambia ajaribu kukiyumbisha. Siku treni ya Daktari ilipokamilika, tulikaa ukumbini kwake na watoto wa shule, na ilikwenda kutoka pwani hadi ziwani bila behewa hata moja kuacha reli. La kwanza nyuma ya injini lilikuwa lile letu.

Mwaka jana macho yangu yaliniambia inatosha. Karakana ina desturi: anayestaafu hupewa kikombe, na hukisugua mwenyewe siku yake ya mwisho. Nilichukua kitambaa. Wafula, ambaye sasa ana mvi na bado hanyamazi, alikinyang'anya.

"Keti," akasema. "Leo nasugua mimi. Mpaka nione meno, na zimebaki chache."

Alisugua mchana kutwa, vibaya, akiacha alama za vidole vyake. Kibao cha kikombe hicho alikuwa amekitia asidini yeye mwenyewe. Kimeandikwa *Fundi Kalondu*, na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo sikuziagiza, *Mama Koroboi*.

Ninyi mnaoanza sasa mtaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba mchoro huheshimiwa, na kwamba aliyeuchora hakuwahi kukaa chumbani kwako. Mengine mtayaona wenyewe mkiwa na chuma cha moto mkononi.

Kikombe changu nimekiweka Kianda, juu ya kigoda cha babu. Gari la mizigo likipita, sakafu hutetemeka, na vikombe vya chai kabatini vyote hulia. Hicho hakilii.